Punguza shina, umpe jirani: ziada ya bustani za Geita isiozee kichakani

Mgomba ukishashika haukomi kuzaa. Panda chipukizi moja nyuma ya jiko lako Nyankumbu au Katoro, lipe samadi na maji ya kuoshea vyombo, na kabla mkungu wa kwanza haujakomaa utakuta watoto wamelizunguka shina pande zote. Usipoingia na panga, mwaka wa tatu utakuwa na kichaka. Mikungu inapungua ukubwa, chane zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, majani yanasuguana hadi yanachanika, na upepo wa mvua za kwanza unaangusha ulichokuwa umekitegemea.

Kwa mwenye kichaka hicho, ziada ile ni mzigo: inamnyima mavuno, inaficha nyoka na inazaa mbu. Kwa familia iliyohamia mtaani mwezi uliopita, ziada ileile ni mwanzo wa shamba. Ndiyo maana naona desturi ya kupunguza mimea ya kudumu kila mwaka na kuwapa wengine kinachozidi inastahili kurudishwa kwa nguvu katika mkoa wetu wa dhahabu. Tena irudi na uangalifu wake wote, maana chipukizi lenye ugonjwa linaweza kulimaliza shamba la mtu uliyetaka kumsaidia.

Mkoa wa watu waliohamia

Mkoa wa Geita ulianza rasmi mwaka 2012, ukiundwa kwa maeneo yaliyotoka mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mchanganyiko wa watu wake ni mkongwe kuliko mipaka hiyo. Wazinza, wenyeji wa upande huu wa Ziwa Victoria, wanasema lugha iliyo ndugu ya Kihaya na Kinyambo, na mgomba ni mmea wa ukanda huo tangu enzi za mababu. Kuanzia mwaka 1947 hadi katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, uliofungua mapori ya Geita yaliyokuwa na mbung'o ili yapokee familia kutoka sehemu za Usukuma zilizojaa watu na mifugo. Mgodi wa zamani, uliochimba tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, ulivuta vibarua wa makabila mengi. Mgodi mkubwa wa sasa ulipofunguliwa mwaka 2000, na wachimbaji wadogo walipozidi kumiminika Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa, watu walikuja kutoka kila pembe ya nchi.

Familia inayohama haibebi shamba. Inabeba godoro, masufuria na jembe. Mbegu za mahindi itazikuta dukani ndani ya pakiti, lakini mimea ya kudumu haina duka la kutegemewa mitaani kwetu. Chipukizi la mgomba, kikonyo cha nanasi, pingili ya muhogo, marando ya viazi, shada la mchaichai: vyote hivi hutoka kwa mtu aliyekwisha kuvipanda. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika bustani usemi huo ni kweli tupu. Mgeni anapata mbegu, na shamba la mwenyeji linapata nafasi ya kupumua.

Wapo wachimbaji wengi waliopanga vyumba Katoro na kwenye machimbo, wanaojihesabu kuwa wapita njia. Hawapandi kitu kinachohitaji zaidi ya msimu mmoja. Miaka inakwenda, watoto wanaanza shule, na familia bado inanunua hata jani la mchaichai la kutia kwenye chai. Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, linaweza kutoa leo na kunyamaza kesho, kama mgodi mzima ulivyonyamaza mwaka 1966. Mgomba unaotunzwa una subira zaidi. Kule Kagera yapo mashamba ya migomba yaliyorithishwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, yenye umri unaozidi miaka 50, na bado yanalisha watu. Hata mwenye chumba cha kupanga anaweza kuelewana na mwenye nyumba apande mashina mawili uani. Akiondoka, atakayefuata atayakuta.

Mama, mtoto na mjukuu

Kanuni ya kupunguza migomba inayofundishwa na maafisa ugani ni nyepesi kukumbuka: kila shina libaki na migomba mitatu ya umri tofauti. Mama ndiye aliyebeba mkungu au anayekaribia kuutoa. Mtoto ni yule atakayemrithi. Mjukuu ndiyo kwanza anachungulia ardhini. Waliobaki wote watolewe. Kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, hekta moja huchukua mashina 1,111. Kwenye kiwanja cha mjini watu wengi wana mashina machache tu, na hayo machache yakitunzwa kwa kanuni hii hutoa mikungu kwa kupokezana, mama akivunwa mtoto naye yuko njiani.

Sababu yake iko chini ya ardhi. Mama na watoto wake wameshikana kwenye tunguu. Chipukizi changa hula kwa mama mpaka litoe majani yake mapana, na hata baada ya hapo linagombea naye maji na rutuba ileile. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, udongo wa Geita unapokauka, shina lenye kundi la watoto ndilo la kwanza kulegea. Ukipunguza, chakula kilekile kinaingia kwenye mkungu mmoja mkubwa, badala ya kugawanyika kwa watoto ambao hawatazaa kitu cha maana.

Kuchagua mtoto wa kubaki kunahitaji jicho. Chipukizi bora lina majani membamba yaliyochongoka, limenenepa chini na kuwa jembamba juu, na limetoka ndani ya ardhi. Lile lenye majani mapana lingali dogo lisikuvutie kwa ubichi wake; limeshikana na tunguu kwa sehemu ndogo na halina nguvu ya kubeba mkungu mzito. Jambo la pili ni upande. Shina la mgomba husogea, kwa kuwa kila mtoto huota pembeni mwa mama yake. Mkulima makini huchagua upande mmoja kwa mashina yote, ili yaende pamoja na yasije yakakutana baada ya miaka michache.

Kung'oa nako kuna utaratibu. Fukua udongo mpaka uone mahali chipukizi lilipoungana na mama, kisha litenganishe kwa mtaimbo au jembe lenye makali, likiwa na kipande cha tunguu lake. Rudishia udongo na uushindilie. Wengi wetu hupita na panga tu na kufyeka juu. Siku chache baadaye chipukizi limeinuka tena, kwa sababu kiini cha ukuaji wake kiko chini, pale panga halikufika. Kazi hiyo hurudiwa mwaka mzima bila faida, na machipukizi ambayo yangekuwa mbegu ya mtu mwingine huishia kuwa takataka.

Mananasi na mchaichai

Geita inajulikana pia kwa mananasi, na nanasi nalo ni mmea wa kudumu unaodai kupunguzwa. Mmea mmoja hutoa mbegu za aina tatu: taji lililo juu ya tunda, vikonyo vinavyoota chini ya tunda, na machipukizi yanayotoka ubavuni mwa shina au ardhini. Taji huchelewa zaidi kuzaa, kwa kawaida miaka miwili hivi. Machipukizi makubwa ya ubavuni huwahi, na huweza kutoa tunda ndani ya mwaka mmoja na nusu. Baada ya kuvuna, acha chipukizi moja lenye nguvu liendeleze mmea, mengine yaondoe. Ukiyaacha yote, msimu unaofuata utavuna matunda madogo, tena katikati ya miiba ambayo hata kupalilia ndani yake ni adhabu.

Uzuri wa mbegu ya nanasi ni uvumilivu wake. Chipukizi lililoondolewa hukaa kivulini siku kadhaa ili jeraha likauke, na hali hiyo hulipunguzia hatari ya kuoza likipandwa. Linaweza kusafiri ndani ya kiroba kutoka Geita hadi Mbogwe au Nyang'hwale bila kupata madhara. Kabla halijasafiri, fungua majani ya chini utazame. Ukiona unga mweupe wa vidung'ata, usimpe mtu. Wadudu hao huenda sambamba na ugonjwa wa kunyauka wa mananasi.

Mchaichai ndio rahisi kuliko yote, na ndio unaofaa kumfundishia mtoto kazi hii. Shada likikaa miaka mitatu bila kuguswa, katikati yake huanza kukauka na kuwa majani makavu matupu. Lichimbue lote mvua zinapoanza. Litenganishe kwa mikono, vipande vidogo vyenye mizizi yake, kata majani yabaki urefu wa shubiri moja, kisha tupa sehemu kavu ya katikati. Vipande vya pembeni ndivyo vichanga na vyenye nguvu. Shada moja kuukuu linatosha kuotesha mchaichai katika nyumba nyingi za mtaa mmoja.

Ziada inayofika mbali

Asiyeamini uwezo wa kugawana aangalie jirani zetu wa Kagera. Kati ya mwaka 1997 na 2002, mradi wa maendeleo ya jamii uliofadhiliwa na Ubelgiji uliwaletea wakulima wa huko aina mpya za migomba, zikiwemo za FHIA zilizozalishwa Honduras, Amerika ya Kati. Miche ilipitia Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, panapohifadhiwa mkusanyiko mkubwa kuliko wote duniani wa aina za migomba. Maabara ilitoa makumi ya maelfu ya miche. Baada ya hapo kazi ilibaki mikononi mwa wakulima. Aliyepanda alipunguza shina lake na kumpa shemeji, jirani au mwenzake wa jumuiya, na yule akampa mwingine, mpaka aina hizo zikaenea vijijini kwa wingi ambao hakuna maabara ingeweza kuufikia peke yake.

Kwenye viazi vitamu historia yetu ni ya karibu zaidi. Kanda ya Ziwa hula viazi vilivyochemshwa, na huvihifadhi kwa kuvikausha kuwa michembe na matobolwa kwa ajili ya miezi ya njaa. Tatizo la kila mwaka ni marando. Kiangazi kikiwa kirefu, marando hukauka shambani, na mvua ikirudi wenye mbegu ni wale waliotunza kitalu kidogo bondeni karibu na maji, mara nyingi wanawake. Hao ndio huombwa na kijiji kizima. Mwaka 2009 hadi 2012 Kituo cha Kimataifa cha Viazi kiliendesha Kanda ya Ziwa mradi ulioitwa Marando Bora, uliojengwa juu ya watu wa namna hiyo: wazalishaji wa vijijini waliopewa mbegu safi ili waziongeze na kuwafikishia wenzao, zikiwemo za viazi lishe vyenye vitamini A. Mwaka 2016 mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi yao juu ya viazi hivyo. Utafiti wa ngazi ya dunia, ulipofika kijijini, ulitegemea mtu mmoja kukata marando na kumkabidhi mwenzake.

Zawadi iliyobeba maradhi

Njia hiyohiyo iliyobeba mbegu njema imebeba pia msiba. Mnyauko bakteria wa migomba ulielezwa kwanza na wataalamu nchini Ethiopia katika miaka ya 1960, kwenye mmea wa ensete ulio ndugu wa mgomba. Mwaka 2001 uligundulika Uganda, na wakati huohuo mashariki ya Kongo. Mwaka 2006 ulithibitishwa Kagera, kisha ukasambaa katika maeneo mengine ya Kanda ya Ziwa. Majani hunyauka na kugeuka njano, ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpangilio, ukizipasua ndani zina rangi ya kahawia, na shina likikatwa hutoa ute wa njano. Dawa ya kuuponya mgomba ulioambukizwa haipo.

Bakteria hao husafiri kwa wadudu wanaotua kwenye ua dume, kwa panga lililokata mgomba mgonjwa na kuhamia kwenye mzima, na kwa machipukizi. Hatari kubwa iko kwenye machipukizi, kwa sababu chipukizi kutoka shina lenye maambukizi linaweza kuonekana zima kabisa siku linapotolewa. Anayetoa anacheka, anayepokea anashukuru, na miezi michache baadaye shamba zima linaanza kunyauka.

Muhogo nao umetufundisha somo hilo. Aina kali ya ugonjwa wa batobato iliyotesa Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 iliingia Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990. Inzi weupe waliusambaza ugonjwa huo, na watu waliusafirisha mbali zaidi kwa pingili walizopeana kwa nia njema. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoozesha mizizi ndani kwa ndani, huenea kwa njia hizohizo. Haya yasitutie hofu tukaacha kugawana. Yatufanye tuwe na adabu katika kugawana.

Namna ya kugawa salama

Kagua shamba lote kabla ya kukagua chipukizi. Shamba likiwa na mgomba hata mmoja wenye dalili za mnyauko, usitoe chipukizi lolote humo, hata lile la kona ya mbali. Mwite afisa ugani wa kata. Mashamba yasiyo na ugonjwa yalindwe kwa kuondoa ua dume mara chane ya mwisho inapokamilika, kwa kutumia kijiti chenye panda na kuvunja bila kukata kwa panga. Vifaa visafishwe kila vinapotoka shina moja kwenda jingine, ama kwa kuvichoma moto mpaka vipate joto kali, ama kwa dawa ya klorini ya kufulia.

Chipukizi likishang'olewa, menya tunguu lake. Ondoa mizizi yote na ganda la nje mpaka ubaki weupe. Ukikuta mashimo na njia nyeusi za fukusi zilizoingia ndani, litupe mbali na shamba. Lililo safi litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, ambayo huua minyoo ya mizizi iliyojificha juu ya tunguu. Pipa la nusu na kuni kidogo vinatosha kwa kazi ya asubuhi moja. Ieleweke kwamba maji haya hayaponyi mnyauko. Kinga ya mnyauko ni kuchagua shamba lisilo na ugonjwa. Usiliache chipukizi lililomenywa lilale usiku karibu na migomba, fukusi wataingia tena. Likabidhi siku hiyohiyo, na mpokeaji alipande mapema kwenye shimo la sentimita 60 kila upande, lenye samadi iliyooza.

Hapa Geita tuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni udongo. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata dhahabu, na sehemu yake hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, na kwenye mialo ya kuoshea. Udongo wa marudio usitumike kujazia mashimo wala kuoteshea miche, na mchaichai au mboga zisipandwe karibu na mahali dhahabu inapochomwa. Mche unaopewa mtu uende bila udongo huo.

Anayetaka mbegu nyingi kwa ajili ya biashara asitegemee hisani ya jirani peke yake. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ina kituo cha Maruku kule Kagera kinachoshughulikia migomba na kituo cha Ukiriguru kule Mwanza kinachoihudumia Kanda ya Ziwa. Mwaka 2021 ziliidhinishwa nchini aina nne mpya za migomba ziitwazo TARIBAN. Mbegu safi ikiingia mtaani kupitia mtu mmoja, upunguzaji wa kila mwaka utaifikisha kwa wengine.

Mvua zinakuja

Naomba kila mwenye bustani Geita, Chato, Bukombe, Mbogwe na Nyang'hwale azunguke nyuma ya nyumba yake kabla ya mvua za vuli kushika. Hesabu migomba kwenye kila shina. Panapozidi mitatu, una mbegu ya mtu. Tazama mchaichai uliokauka katikati na mananasi yaliyosongana. Kisha uliza mtaani nani amehamia karibuni, nani ni mjane anayeanza upya, shule gani ina uwanja mtupu na zahanati gani haina hata mgomba mmoja.

Wenyeviti wa mitaa na vijiji wanaweza kulifanya jambo hili kuwa kubwa zaidi bila bajeti yoyote. Watangaze siku moja ya kugawana mimea mwanzoni mwa mvua, wamwalike afisa ugani akague kabla mche haujabadilisha mikono, na waweke vijana wa kuchemsha maji na kumenya matunguu. Usukumani tulilima kwa vikundi, jembe likienda na ngoma ya bugobogobo. Nguvu ya kufanya kazi pamoja hatuwezi kusema hatuijui.

Kutoa ni moyo, si utajiri, na kwa mimea ya kudumu anayetoa hapungukiwi kitu: mkungu wake unaongezeka. Kagua kwanza, safisha panga, menya tunguu, kisha mpe jirani. Mwambie naye apunguze lake mwakani, na ampe mwingine.